Sauti na Darubini: Juu ya Kazi ya Sayansi na Karama ya Kuimba

(Hotuba kwa washarika wa Buswahili na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka mia moja)



Mada iliyotengewa saa hii ni ile ambayo kwa kawaida huzungumzwa zaidi jikoni na njiani kuliko kanisani. Binti amefaulu kidato cha nne. Amechaguliwa kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, na tangu Shule ya Jumapili amekuwa nguzo ya sauti ya kwanza katika kwaya ya vijana. Mzazi anasema, sasa kwaya basi, mwana ashike kitabu. Mwalimu wa kwaya anasema, akiondoka huyu, nani ataibeba sauti ya kwanza? Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja anampenda mtoto. Mwenye sauti na mwenye akili, yaani binti mwenyewe, ndiye ambaye mara nyingi haulizwi.

Kanisa la Kilutheri halina budi kulitazama jambo hili kwa makini, kwa sababu lilizaliwa likiimba. Martin Luther mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi katika mji wa Eisenach, aliimba milangoni pa watu ili apate mkate. Mwaka 1530, akiwa amejihifadhi katika ngome ya Coburg, alimwandikia mtunzi Ludwig Senfl kwamba baada ya theolojia hakuna elimu nyingine anayoweza kuiweka sawa na muziki. Na kanisa hili hili lilimlea Johannes Kepler, aliyesomea uchungaji Tübingen kisha akawa mtaalamu wa nyota, na mwaka 1619 akachapisha kitabu kizima akitafuta uwiano kati ya mwendo wa sayari na vipimo vya sauti. Hata hivyo Luther hakuwa mwanasayansi, wala Kepler hakusimama mbele ya kwaya. Aliyezibeba karama zote mbili katika mwili mmoja, akaimba kwa malipo na kisha akapima nyota kwa malipo, alikuwa mwanamke mfupi wa kimo kutoka Hanover, jina lake Caroline Herschel. Habari zake zafaa kusimuliwa kwa utulivu, maana si habari za ushindi mtupu.

Caroline alizaliwa tarehe 16 Machi 1750, akabatizwa na baadaye kupewa kipaimara katika kanisa la askari la mji huo wa Kilutheri. Baba yake, Isaac, alikuwa mpiga zumari katika bendi ya jeshi, mtu mwenye kupenda muziki na kutazama nyota usiku pamoja na watoto wake. Mama yake aliona kwamba elimu nyingi ndiyo iliyowatawanya wanawe ng'ambo, hivyo akaapa kwamba binti asifundishwe zaidi ya kazi za nyumbani. Akiwa na miaka mitatu alipata ndui, ikamwachia makovu usoni. Akiwa na miaka kumi akapata homa kali ya taifasi, na tangu hapo hakuendelea kurefuka. Alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa kama sentimita 130 tu. Watu wa nyumbani waliona hataolewa, wakamweka kuwa mtumishi wa jamaa: afue, afume soksi, apike.

Mtu aliyekuja kuufungua mlango alikuwa kaka yake William, aliyemzidi miaka kumi na mmoja. Yeye alikuwa amehamia Uingereza, na katika mji wa Bath alipiga kinanda katika kanisa moja dogo, akafundisha muziki na kuongoza matamasha. Mwaka 1772 alirudi Hanover kumchukua dada yake akajaribiwe kuwa mwimbaji. Mama hakukubali mpaka William alipotoa fedha za kumlipa mtumishi wa kushika nafasi ya Caroline. Wapo wanaokumbuka habari za namna hiyo hata katika nyumba za huku kwetu, ambako masomo ya binti yalipimwa kwa hesabu ya nani atachota maji.

Lakini kabla ya kaka kufika, Caroline alikuwa amekwisha kujiandaa kwa njia ya ajabu. Wenzake walipokuwa nje ya nyumba, alijizoeza kuimba sehemu za fidla akiwa ameziba kinywa kwa kitu alichokiuma kwa meno, akizifuata noti zote pamoja na mitetemo yake, ili koo lipate wepesi hata kabla hajapata mwalimu. Alikuwa na miaka 22. Hakuwa amesikia hata mara moja kwamba anaweza kuwa mwimbaji, isipokuwa kwa barua ya kaka.

Huko Bath alikuta kazi nyingi. Alifundishwa Kiingereza, hesabu za matumizi ya nyumba, kinanda, na kuimba masomo mawili au matatu kwa siku. Alinakili kwa mkono karatasi za noti za waimbaji na wapigaji. Baadaye akapewa jukumu la kuwafundisha waimbaji wa sauti ya kwanza, naye akiwa mmoja wao. Walimu wa kwaya waliomo humu ndani wanaijua kazi hiyo: kumrudisha mmoja mmoja kwenye noti yake, kumvumilia anayechelewa kuingia, kukariri sauti za wengine kuliko ya kwako. Mwaka 1778 alisimama kuwa mwimbaji wa kwanza wa peke yake katika wimbo mkuu wa Handel, Masihi. Akaalikwa kwenda kuimba katika tamasha la Birmingham. Akakataa, kwa kuwa alikuwa ameazimia kuimba tu mahali ambapo kaka yake ndiye anayeongoza. Kukataa huko kulimgharimu kuliko alivyojua wakati ule.

Maana kaka alikuwa amepatwa na mapenzi mengine. Tangu mwaka 1773 William alikuwa akisoma vitabu vya elimu ya nyota, na kwa kuwa darubini nzuri zilikuwa ghali alianza kutengeneza zake mwenyewe. Vioo vya darubini siku zile havikuwa vya bilauri, bali vilisubuliwa kwa mchanganyiko wa shaba na bati, kisha vikang'arishwa kwa mikono. Nyumba ikageuka karakana. Kalibu ya kusubia ilitengenezwa kwa udongo na samadi ya farasi, na Caroline, mwimbaji wa Masihi, ndiye aliyeitwanga samadi ile kwenye kinu na kuichekecha. Mwaka 1781 tanuru ilipasuka wakati wa kusubu kioo kikubwa, shaba iliyoyeyuka ikamwagika sakafuni, na mawe ya sakafu yakaruka kama risasi huku mafundi wakikimbia. Kulikuwa na wakati William alikaa saa 16 bila kuondoa mikono juu ya kioo, na dada yake akawa anamlisha tonge kinywani na kumsomea hadithi ili asisinzie.

Usiku wa tarehe 13 Machi 1781 William aliona katika darubini yake nuru ndogo ambayo haikufanana na nyota. Ilikuwa sayari ya Uranus, ya kwanza kugunduliwa tangu binadamu aanze kuandika habari za mbingu. Mfalme akamwita, na mwaka 1782 akampangia pauni 200 kwa mwaka ili aache muziki na kutazama nyota. Kwa upande wa fedha hapakuwa na faida, kwa sababu muziki ulimpatia zaidi. Siku ya Pentekoste ya mwaka huo ndugu hao wawili waliimba pamoja hadharani kwa mara ya mwisho katika kanisa dogo la mjini Bath. Mwezi Agosti wakahamia kijiji cha Datchet, karibu na kasri ya mfalme, katika nyumba chakavu.

Hapo ndipo palipo kiini cha jambo lote. Caroline hakuacha kuimba kwa sababu sauti ilimpungua, wala kwa sababu aliisikia sayansi ikimwita. Aliacha kwa sababu mtu aliyemtegemea kwa chakula na kwa paa alibadilisha kazi, na hakuna aliyemwuliza. Katika kumbukumbu alizoandika uzeeni hakulificha hilo. Alieleza kwamba ndipo alipokuwa anaanza kupata sifa katika uimbaji, na kwamba alijifunza kazi mpya kwa ajili ya kaka. Wengi humsifu kwa utii wake. Utii ule ulizaa matunda makubwa, ni kweli, lakini kuzaa matunda hakumfanyi aliyekatwa tawi akose maumivu.

Matunda yenyewe yalikuwaje? William alisimama juu ya ngazi nje gizani, kwenye darubini yenye urefu wa mita sita. Darubini haikufuata nyota. Ilielekezwa sehemu moja, na mbingu ikapita mbele yake kwa mzunguko wa dunia. Kila alipoona wingu la nuru au kundi la nyota alipaza sauti. Caroline alikaa karibu na dirisha lililo wazi, akiwa na taa, saa ya ukutani, na orodha ya nyota. Aliandika, kisha akasoma kwa sauti kuu alichoandika ili kaka ahakikishe. Kwa nini hakuandika William mwenyewe? Wavuvi wa dagaa katika ziwa letu wanalo jibu. Anayeitazama karabai kisha akageuka kutazama gizani haoni kitu mpaka zipite dakika nyingi. Jicho la mtazama nyota lisiguswe na nuru. Kwa hiyo kazi ilihitaji watu wawili, mmoja wa giza na mmoja wa taa, wanaounganishwa na sauti.

Na hapa mwanakwaya atang'amua jambo ambalo waandishi wengi wa historia ya sayansi wamelipita haraka. Mtu wa kukaa dirishani alitakiwa kupokea neno moja lililosemwa upesi penye upepo, kulirudisha kwa matamshi safi, kulipatanisha na pigo la saa, na kutopotea mahali pake usiku kucha. Huyo ni mwimbaji aliyefundwa. Caroline alikuwa amehesabu mapigo ya muziki kwa miaka kumi kabla ya kuhesabu sekunde za nyota. Haiwezekani kuthibitisha kwamba jambo moja lilizaa lingine, lakini aliyewahi kuimba sauti ya tatu katikati ya kwaya isiyotulia hataona shida kuamini.

Isidhaniwe kwamba hesabu zilimjia kwa urahisi. Mpaka mwisho wa maisha yake hakuweza kuikariri jedwali ya kuzidisha, akalazimika kutembea nayo imeandikwa kwenye karatasi. Wanafunzi waliokata tamaa ya Hisabati na walikumbuke hilo. Kwa karatasi ile alipiga hesabu za maelfu ya nyota. Orodha yake ya kusahihisha kazi ya mtangulizi wao, Flamsteed, ilichapishwa na Jumuiya ya Kifalme ya London mwaka 1798, ikiwa na nyota 560 zilizokuwa zimeachwa. Na mawingu ya nuru na makundi ya nyota ambayo ndugu hao waliyaandika pamoja yalifika 2,500.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari pia. Usiku wa mwisho wa mwaka 1783, ardhi ikiwa imefunikwa na theluji, Caroline alikimbia gizani kurekebisha mashine akaanguka juu ya ndoano ya chuma. Ndoano ikamwingia pajani juu ya goti, na alipoinuliwa akaacha nyama yake pale. Alijifunga dawa mwenyewe, na katika maandishi yake alichosikitikia zaidi ni kama kaka alipoteza usiku mzuri kwa ajili yake. Akajifariji kwamba mawingu yalitanda muda uliobaki.

Tarehe 1 Agosti 1786 William alikuwa safarini Ujerumani. Caroline, akitumia darubini ndogo aliyopewa, aliona kitu chenye ukungu. Usiku uliofuata alikitazama tena, kikawa kimesogea. Kilikuwa nyota yenye mkia, yaani kometi, ambayo watu wasiichanganye na kimondo kama kile cha Mbozi kilichoanguka chini. Mara akawaandikia wataalamu wa London. Mwaka uliofuata mfalme alimpangia pauni 50 kwa mwaka. Kwa kadiri historia inavyoonyesha, hakuna mwanamke kabla yake katika Uingereza aliyelipwa mshahara kwa kazi ya sayansi. Yeye mwenyewe aliandika kwamba malipo ya kwanza, pauni 12 na nusu, ndiyo fedha za kwanza maishani mwake alizojiona huru kuzitumia apendavyo. Alikuwa na miaka 37. Mpaka mwaka 1797 alikuwa ameona kometi nane, na kwa ile ya nane alipanda farasi na kwenda mwenyewe Greenwich kumpasha habari mkuu wa kituo cha nyota.

Kwa haki ya historia lazima isemwe pia kwamba William alipooa mwaka 1788, Caroline alihama nyumba ile na kupanga vyumba kwa watu. Kumbukumbu zake za miaka kumi iliyofuata aliziharibu mwenyewe. Alichokuwa ameandika humo hakitajulikana, na labda ndivyo ilivyo heri kwa jamaa yote.

Yupo mwingine ambaye habari zake zinalingana na hizi, na kwa sisi Waafrika yuko karibu zaidi. Albert Schweitzer alizaliwa mwaka 1875 katika Alsace, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, na akiwa na miaka tisa alikuwa akipiga kinanda ibadani. Alipokuwa na miaka 21 aliazimia kwamba mpaka atimize miaka 30 ataishi kwa ajili ya elimu na muziki, kisha atatoa maisha yake kwa kuwahudumia watu kwa mikono. Alipofika miaka 30, akiwa mwalimu wa theolojia na mwandishi wa kitabu kikubwa juu ya Bach, alianza darasa la udaktari pamoja na vijana. Mwaka 1913 aliwasili Lambaréné, nchini Gabon. Marafiki zake wa Chama cha Bach cha Paris walimpa piano iliyotengenezwa kustahimili nchi za joto, yenye kanyagio kama za kinanda cha kanisani.

Mwanzoni aliona afadhali vidole vyake vipate kutu polepole, kwa kuwa muziki sasa ulikuwa sadaka aliyoitoa. Lakini jioni moja, akipiga wimbo wa Bach, ikamjia kwamba saa za utulivu baada ya wagonjwa zinampa nafasi ya kujifunza kwa kina kuliko wakati wowote alipokuwa Ulaya. Mwaka 1917, wakati wa vita, alipokamatwa na kuwekwa kizuizini Ufaransa, alijizoeza kwa kupiga vidole juu ya meza na miguu sakafuni, bila sauti yoyote kusikika. Vita ilipokwisha alikuwa na madeni. Askofu Mkuu wa Kilutheri wa Sweden, Nathan Söderblom, alimwalika mwaka 1920 kutoa mihadhara, akamshauri apige kinanda makanisani ili alipe madeni yake. Kwa njia hiyo muziki aliodhani ameuacha ndio uliomrudisha hospitalini mwaka 1924. Schweitzer hakuwa mtu asiye na doa. Aliwatazama Waafrika kama wadogo zake wa kuongozwa, na hata alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952 wapo waliomlaumu kwa haki juu ya hilo. Walakini katika jambo hili moja anafaa kuwekwa kando ya Caroline. Yeye aliutoa muziki kwa hiari yake, ukamrudia. Caroline alinyang'anywa bila kuulizwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kusumbua usharika unaotimiza karne moja. Swali la wazazi huwa, je, sayansi na kwaya vinapatana? Mifano inajibu kwamba vinapatana vizuri. Hata ukutani mwa chumba cha mazoezi jibu limeandikwa, maana do, re, mi, tunazotumia ni hesabu. Sarah Glover wa Norwich alizipanga, na mchungaji John Curwen akazieneza katika karne ya 19 ili watu wasio na vyombo waweze kusoma muziki, na anayezigawa nusu na robo kwenye karatasi ya tungo amekwisha kufanya sehemu za Hisabati bila kulia. Kinachokosekana kwa kawaida ni saa. Mazoezi yaliyotangazwa saa kumi huanza saa kumi na mbili na kumalizika usiku. Mwanafunzi mwenye jaribio la Kemia kesho yake hawezi kustahimili hayo, na mzazi anayemzuia hakosei. Kwaya inayotunza saa humtunza pia muuguzi wa zamu, mwalimu, bwana shamba na mwanafunzi wa udaktari anayerudi likizo akitafuta mahali pa kusimama. Na kwaya inayomwandikia jina la utoro mtu aliyekuwa zamu wodini imejipunguzia sauti moja kwa mkono wake yenyewe.

Upande wa pili nao una deni. Binti anayeambiwa aache kuimba ili asome, aulizwe kwanza. Inawezekana atakubali. Kijana anayetaka kuiacha maabara afuate muziki, naye aulizwe, maana huenda anakimbia somo gumu na siyo kuitikia wito. Wazee wa kanisa waliokaa mbele hapa wamewahi kuuliza maswali magumu zaidi ya hayo katika mashauri ya ndoa na ya mashamba.

William alifariki mwaka 1822, na Caroline, akiwa na miaka 72, akarudi Hanover. Hakukaa bure. Aliyapanga upya yale mawingu ya nuru 2,500 kwa mikanda ya anga, ili mwana wa kaka yake, John, aweze kuyatafuta tena. Kwa kazi hiyo Jumuiya ya Kifalme ya Wanafalaki ya London ilimpa nishani ya dhahabu mwaka 1828, na mwaka 1835 ikamfanya mwanachama wa heshima pamoja na Mary Somerville. Mwaka 1834 John alianza kutazama nyota za kusini huko Afrika Kusini, karibu na Cape Town, akakaa miaka minne. Shangazi yake akamwandikia kutoka Hanover akimtaka achunguze vizuri sehemu ya kundi la Nge, ambako kaka yake aliwahi kuona kama tundu jeusi mbinguni. Nge huyo huonekana vema hapa Buswahili. Katika miezi ya Juni mpaka Septemba, jioni isiyo na mbalamwezi, anayesimama kwenye ukingo wa Mto Mara na kutazama juu atamwona mkia wake umepinda juu ya mabwawa ya mafunjo, na ndani yake sehemu za giza ambazo wataalamu leo wanajua kuwa ni mawingu ya vumbi yanayoziba nyota zilizo nyuma.

Mwaka 1846, siku alipotimiza miaka 96, mfalme wa Prussia alimpelekea nishani ya dhahabu ya sayansi. Caroline alifariki tarehe 9 Januari 1848. Jeneza lake, lililopambwa kwa majani ya mitende na mashada, lilipelekwa kwa ibada katika kanisa lile lile la askari alimobatizwa karibu miaka mia moja kabla. Ndani yake, kwa agizo lake, viliwekwa nywele kidogo za kaka yake na kalenda kuukuu ambayo baba yao aliwahi kuitumia.

Lakini mwaka mmoja kabla, tarehe 16 Machi 1847, alipotimiza miaka 97, mrithi wa ufalme wa Hanover na mkewe walimtembelea nyumbani kwake. Aliwakaribisha, akazungumza nao kwa muda wa saa mbili. Ilikuwa imepita miaka 65 tangu Pentekoste ile ya Bath. Kabla hawajaaga, bibi yule mfupi akawaimbia wimbo mmoja uliotungwa na William.